Kidonda Kimepona, Mkono Bado Unawaka: Seli za Kinga za Mgongoni na Maumivu ya Neva

Ukitoka Mafinga kuelekea vijiji vinavyozunguka Shamba la Miti la Sao Hill, mlio wa mashine za kupasulia mbao, zile zinazoitwa dingdong, hukufuata toka asubuhi hadi jua linapozama. Bamba la msumeno linazunguka wazi, mtu anasukuma gogo kwa mikono yake miwili, na siku akiteleza msumeno haubagui gogo na kiganja. Wengi wanaokatwa hupona. Kidonda kinashonwa, nyuzi zinatolewa, kovu linakauka. Halafu, wiki kadhaa baadaye, baadhi yao wanaanza kulalamikia jambo ambalo watu wa nyumbani hawalielewi. Mkono unawaka moto. Shuka likigusa kiganja mtu anaruka kitandani. Maji ya bomba ya mwezi Juni, ambayo Mufindi ni baridi kwa kila mtu, kwake yanakuwa adhabu. Na la ajabu kuliko yote, kidole kilichokufa ganzi, kisichosikia hata sindano, ndicho hicho hicho kinachouma usiku kucha.

Hapo maneno yanaanza. Mkewe anaambiwa na majirani kwamba mume anajidekeza. Tajiri mwenye mashine anadhani anatafuta fidia. Mama mzazi anashauri waende kwa mganga, kwa sababu ugonjwa usioonekana lazima una mtu nyuma yake. Hata kwenye zahanati anaweza kujibiwa, "Kidonda kimefunga vizuri kabisa, kaka yangu," akapewa diklofenaki nyingine ya siku tano. Wote hao wanatazama kiganja, na kiganja kweli kimepona. Kilichobadilika kiko chini ya shingo, ndani ya mfupa wa mgongo, na waliokibadilisha ni seli za mwili wake mwenyewe ambazo kazi yake ni kumlinda.

Tuanze na njia. Neva inayohudumia kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete inapita nyuma ya kiwiko, pale ambapo ukijigonga unapigwa shoti hadi vidoleni. Kutoka hapo inapanda mkononi, inapita kwapani, na kuingia sehemu ya chini ya shingo kwenye ugwe wa mgongo, yaani ule mkanda laini wa neva, wenye urefu wa sentimita 45 hivi kwa mtu mzima, unaolindwa na pingili za uti wa mgongo. Kila uzi wa hisia ndani ya neva hiyo ni mkono mrefu wa seli moja tu. Kichwa cha seli yenyewe hakiko kidoleni. Kiko kwenye kifundo kidogo kando ya pingili, karibu kabisa na ugwe. Kwa hiyo msumeno unapokata neva pale kwenye kifundo cha mkono, unakuwa umeikata seli ambayo makao yake yako shingoni, na habari za kukatwa zinafika huko.

Neva ikikatwa au ikisagwa huweza kuota upya, lakini kwa mwendo wa milimita 1 hivi kwa siku. Kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole ni kazi ya miezi. Katika miezi hiyo yote ugwe wa mgongo haukai ukisubiri.

Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia yao ya lango. Walisema kwamba taarifa ya maumivu haipiti moja kwa moja kutoka kwenye ngozi hadi kwenye ubongo. Inafika kwanza sehemu ya nyuma ya ugwe wa mgongo, na pale kuna seli ndogo za neva ambazo kazi yake ni kuzuia, kupunguza, kuamua nini kipite na nini kibaki. Ndiyo maana ukigonga goti kwenye stuli unalisugua na linapoa: mguso unawaamsha wazuiaji. Mambo kadhaa ya nadharia hiyo yamerekebishwa tangu wakati huo, lakini kiini chake kimesimama. Maumivu hupimwa na kupangwa mgongoni kabla hayajawa maumivu kichwani. Na kama kuna wazuiaji, basi kuna namna ya kuwaharibia kazi.

Kwa miongo mingi watafiti walitafuta jibu kwenye seli za neva peke yake. Seli nyingine zilizokuwa pembeni yake zilichukuliwa kuwa vibarua wa kusafisha. Wakuu kati ya vibarua hao ni seli zinazoitwa mikroglia, ambazo Pío del Río-Hortega wa Hispania alizitenga na kuzipa jina mwaka 1919. Hizi si seli za neva hata kidogo. Ni seli za kinga. Ni jamaa wa zile seli za damu zinazomeza bakteria, ila hazitoki kwenye uboho wa mifupa kama wengine. Utafiti kwa panya uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba zinazaliwa kwenye kifuko cha kiini cha mimba changa, zinasafiri hadi kwenye ubongo na ugwe wa mgongo kabla mtoto hajapata umbo, na zinabaki humo maisha yote zikijizalisha zenyewe. Mwili mzima unalindwa na askari wanaozunguka kwenye damu. Ubongo na ugwe vina walinzi wao wa ndani.

Mwaka 2005 watafiti waliziangalia zikiwa hai ndani ya ubongo wa panya, kwa darubini inayopenya hadi ndani ya tishu. Walichokiona kilibadilisha mazungumzo. Mikroglia waliodhaniwa wamelala walikuwa wakinyoosha na kurudisha vidole vyao muda wote, wakipapasa kila kona ya eneo lao. Ukitoboa tundu dogo mahali, vidole vya mikroglia wa jirani vinaelekea huko ndani ya dakika chache.

Sasa neva ya mkono imekatwa. Kichwa cha seli kilicho kando ya pingili kinapata habari, nacho kinaanza kutengeneza protini ambayo kwa kawaida hakiitengenezi. Kundi la Allan Basbaum huko San Francisco lilionyesha mwaka 2016 kwamba protini hiyo, CSF1, inasafirishwa hadi ndani ya ugwe wa mgongo na kuwaambia mikroglia wa eneo lile: zaeni. Walipoiondoa protini hiyo kwenye seli za hisia za panya, mikroglia hawakuongezeka, na usikivu wa maumivu uliotarajiwa baada ya neva kuumizwa haukutokea. Walipoiingiza protini hiyo yenyewe kwenye mgongo wa panya ambaye hana jeraha lolote, akaanza kuonyesha dalili za maumivu. Kwa hiyo seli iliyojeruhiwa kwa mbali ndiyo inayowaita walinzi. Kwa panya idadi yao huongezeka ndani ya siku chache, na hufika kileleni karibu na wiki ya kwanza.

Wakishaongezeka wanabadilika umbo na tabia, na wanaota vipokezi vipya juu ya ngozi yao. Kipokezi kimoja kinaitwa P2X4. Kinachokiwasha ni ATP, ile kemikali inayobeba nishati ndani ya kila seli, ambayo inapomwagika nje inakuwa alama ya hatari. Makoto Tsuda, Kazuhide Inoue na wenzao walikichunguza kipokezi hiki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, na jaribio lao moja nalihesabu kuwa muhimu kuliko yote katika habari hii.

Namna ya kupima ni hivi. Panya anasimama juu ya wavu. Mtafiti anachukua uzi mwembamba wa plastiki, anaupandisha kutoka chini, anaugusisha kwenye unyayo hadi uzi upinde kidogo. Nyuzi ziko za unene tofauti, na kila moja hupinda kwa uzito unaojulikana. Panya mzima anaguswa na uzi mwembamba wala hajali. Panya aliyeumizwa neva anarusha mguu juu, anautikisa, anaulamba. Mguso usiouma umekuwa maumivu, sawasawa na shuka kwa yule mpasua mbao. Tsuda na wenzake walipokizuia kipokezi cha P2X4, panya waliojeruhiwa walipata nafuu. Kisha wakafanya kinyume chake. Walichukua mikroglia waliokuzwa maabara, wakawaamsha kwa ATP, wakawaingiza mgongoni mwa panya wazima. Panya ambao neva zao hazikuwa na hata mkwaruzo wakaanza kurusha miguu wakiguswa na uzi mwembamba.

Tafakari hapo kidogo. Hakuna kidonda, hakuna neva iliyokatwa, hakuna uvimbe mguuni. Kuna seli za kinga mgongoni zilizo katika hali fulani, basi, na mnyama anaumwa. Anayemwambia mgonjwa kwamba maumivu yake hayana msingi kwa sababu kovu limekauka, jaribio hili lilimjibu zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Lakini seli ya kinga inawezaje kugeuza mguso kuwa maumivu? Hapa turudi kwa wale wazuiaji kwenye lango. Silaha yao kuu ni kemikali ya GABA. Inapotua juu ya seli inayopeleka taarifa za maumivu, inafungua vijilango vya kloraidi, moja ya chembe zinazounda chumvi. Kloraidi ina chaji hasi, ndani ya seli iko kidogo, nje iko nyingi, kwa hiyo inaingia na seli inatulia. Ili mpango huu ufanye kazi, lazima kuwe na pampu inayoitoa kloraidi nje muda wote, na pampu hiyo ni protini iitwayo KCC2. Wakulima wa vinyungu, yaani bustani za mabondeni, wa Iringa na Njombe wanaujua mfumo huu kwa mfereji: maji yanaingia bustanini kwa sababu bustani iko chini na maji ya jana yameshatolewa. Ukiacha kuyatoa, bustani ikajaa hadi usawa wa mfereji, hata ufungue mlango mara kumi maji hayaingii, na yakizidi yanarudi ulikoyatoa.

Ndicho kinachotokea. Watafiti wa Kanada, wakiwemo Jeffrey Coull na Yves De Koninck, walionyesha mwaka 2003 kwamba baada ya neva kujeruhiwa pampu ya KCC2 inapungua kwenye seli za mgongoni na kloraidi inajaa ndani. Mwaka 2005, pamoja na Michael Salter, wakaonyesha aliyesababisha: mikroglia walioamshwa na ATP wanatoa protini ya BDNF, na BDNF ndiyo inayoishusha pampu. Tangu hapo GABA inatua kama kawaida, vijilango vinafunguka kama kawaida, lakini seli haitulii. Wakati mwingine inasisimka zaidi. Mzuiaji anapiga kelele "simama" na seli inasikia "nenda".

Ndiyo maana nasema diklofenaki inapigana vita isiyo yake. Dawa hiyo inapunguza kemikali za uvimbe kwenye tishu iliyoumia, na kwa goti lililovimba au jino inafanya kazi nzuri. Kwa pampu iliyoshuka mgongoni haina la maana la kufanya, na ukiimeza miezi kwa miezi unahatarisha tumbo na figo zako bure.

Mikroglia hawafanyi haya peke yao. Wanatoa pia kemikali za uchochezi zinazozifanya seli za jirani kuwa wepesi wa kufyatuka, na baadaye seli nyingine za pembeni, astrosaiti, zinaamka na kuendelea kuamka hata mikroglia wakianza kupungua. Hilo linaeleza kwa sehemu kwa nini maumivu ya mwezi wa pili si yale yale ya mwaka wa pili, na kwa nini kuyawahi mapema kuna maana.

Kuna jambo lilipuuzwa kwa muda mrefu, nalo linanigusa. Karibu majaribio yote ya awali yalifanywa kwa panya dume. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba homoni za panya jike zingevuruga vipimo. Mwaka 2015 kundi la Jeffrey Mogil wa Montreal, na wenzao, walichapisha matokeo ya majaribio kwa dume na jike. Kwa dume, kuwazuia mikroglia kulipunguza maumivu, kama kila mtu alivyotarajia. Kwa jike hakukupunguza. Jike walikuwa na maumivu yale yale, na mikroglia wao waliongezeka vilevile, lakini maumivu yao yalipitia njia nyingine, na watafiti wakaona dalili kwamba seli nyingine za kinga, zile za T zinazotoka kwenye damu, ndizo zinazohusika. Ukiwapa homoni ya kiume, jike wanahamia njia ya dume. Fikiria sasa mama anayechuma chai Rungwe, mwenye ganzi na moto mikononi. Duniani kote wanawake ndio wengi zaidi kati ya watu wenye maumivu sugu, na ramani ya maumivu hayo ilichorwa bila wao. Kama dawa ya kuwatuliza mikroglia ingefika sokoni kwa haraka, huenda isingemsaidia huyo mama, na angeambiwa tena kwamba anajidekeza.

Dawa hiyo haijafika. Minosaiklini, antibayotiki ya zamani inayowatuliza mikroglia wa panya, imeleta matokeo hafifu kwa binadamu. Propentofilini ilijaribiwa kwa watu ambao maumivu yalibaki baada ya mkanda wa jeshi, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 haikukishinda kidonge kisicho na dawa. Sababu ni nyingi: panya hupewa dawa kabla au mara tu baada ya jeraha, mgonjwa anakuja baada ya miezi, na mikroglia wa binadamu hawafanani kwa kila kitu na wa panya.

Lakini naona sababu nyingine pia, na hii inatoka Japani kwa Tsuda yule yule. Mwaka 2022 yeye na wenzake waliripoti kwamba miongoni mwa mikroglia wa mgongoni linatokea kundi fulani, baadaye kidogo baada ya jeraha, lenye alama ya CD11c. Kundi hili linatoa protini ya IGF1, na panya wanaanza kupona. Watafiti walipoliondoa kundi hilo mapema, panya hawakupona kwa wakati wao. Walipoliondoa kwa panya ambao walikuwa wameshapona, maumivu yakarudi. Maana yake walinzi wale wale waliowasha moto wanatoa pia wanaouzima na wanaokaa kuulinda usiwake upya. Dawa inayowanyamazisha wote kwa pamoja inawanyamazisha na waponyaji. Ninavyoona mimi, kazi ya sasa ni kuwasaidia mikroglia kuhama kutoka kundi la kwanza kwenda la pili, na ni kazi ngumu kuliko kutafuta kizuizi.

Mofini nayo ina kisa chake. Mwaka 2016 Peter Grace, Linda Watkins na wenzao wa Colorado waliripoti kwamba panya dume walioumizwa neva kisha wakapewa mofini kwa siku 5 tu waliendelea kuumwa kwa wiki nyingi kuliko wasiopewa, na mikroglia walihusika. Hili lisimtie hofu anayemuuguza ndugu mwenye saratani. Kwa maumivu ya saratani, na kwa saa za kwanza za ajali, mofini ni dawa ya lazima na mgonjwa ana haki nayo. Tahadhari iko kwenye kuitegemea muda mrefu kwa neva iliyoumia.

Na wenye neva zilizoumia Nyanda za Juu Kusini si wapasua mbao na waendesha bodaboda tu. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 Njombe ilikuwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote ya Tanzania cha watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI, asilimia 12.7. Virusi vyenyewe huweza kuumiza neva za miguu, na waliotumia stavudini miaka ya mwanzo ya ARV, kabla Shirika la Afya Duniani halijashauri mwaka 2009 iondolewe taratibu, baadhi yao bado wana nyayo zinazowaka. Kisukari kinafanya hivyo hivyo, kikianzia vidole vya miguu na kupanda. Isoniazidi ya kifua kikuu inaweza kuumiza neva kwa kumaliza vitamini B6, na ndiyo maana mgonjwa hupewa kidonge cha piridoksini pamoja nayo. Asikiache kwa kudhani ni cha ziada. Chanzo ni tofauti kwa kila mmoja, na yote niliyoeleza kuhusu mikroglia yamepimwa zaidi kwenye neva iliyokatwa au kubanwa kuliko kwenye iliyolishwa sumu polepole.

Ukienda kumwona daktari, iwe kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, usiseme "mkono unauma" ukanyamaza. Sema kama unawaka, unapiga shoti, unachomachoma au una ganzi, na kama nguo au baridi inauzidisha. Kuna dodoso fupi lenye vipengele 10, linaitwa DN4, ambalo linatumia maneno hayo hayo pamoja na mguso wa pamba na sindano. Mtu akipata alama 4 na kuendelea, kuna uwezekano mkubwa kwamba maumivu yake ni ya neva. Dawa za mstari wa kwanza ni amitriptilini, duloksetini, gabapentini na pregabalini. Amitriptilini ni ya bei nafuu na ya siku nyingi, na mtu akisoma kwamba ni dawa ya sonona asidhani daktari amemwona kichaa: inaongeza nguvu za breki zinazoshuka kutoka kwenye ubongo kwenda mgongoni. Haimponyi kila mtu. Kwa hesabu za majaribio, katika kila watu wanne wanaoitumia mmoja hivi hupata nafuu kubwa ambayo asingeipata kwa kidonge kitupu. Kwa pregabalini ni mmoja kati ya wanane hivi. Amitriptilini hupewa usiku kwa dozi ndogo ikipandishwa taratibu, huleta usingizi na kukausha mdomo, na wazee na wenye matatizo ya moyo wanahitaji uangalizi wa daktari. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake. Anayeiacha siku ya tatu akisema haifanyi kazi anakuwa bado hajaijaribu.